Jedwali, mkato, hatua au mti: ushike njia ipi kupima hoja?

Mwenye dakika 10 na hoja yenye herufi 5, kila herufi ikisimama mahali pa sentensi moja, asianze kuchora jedwali la ukweli. Herufi 5 ni mistari 32, na kila mstari una safu zake za kujaza. Ukiandika K (kweli) moja mahali pa U (uongo), kazi yote imeharibika na huenda usijue. Nimeliona hilo mara nyingi katika kikundi chetu cha kujisomea hapa Wandegeya, chini kidogo ya Makerere, tunakokutana Jumapili: dada mmoja wa Bombo, vijana wawili wa Goma, Mkenya aliyevukia Busia, nami. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini tukibishana tunabishana kwa Kiswahili, na katika mabishano hayo ndipo nilipogundua shida yetu iko wapi. Njia za kupima hoja tunazijua zote. Hatujui ipi ishikwe lini.

Kwanza tuelewane juu ya kinachopimwa. Hoja ni halali pale ambapo haiwezekani vitangulizi vyote, yaani sentensi zinazotangulia kama sababu, viwe kweli na hitimisho liwe uongo. Basi. Ukweli wa vitangulizi vyenyewe ni kesi nyingine. "Mito yote inayotoka Ziwa Victoria inaelekea kusini, Nile inatoka Ziwa Victoria, kwa hiyo Nile inaelekea kusini." Hoja hiyo ni halali kabisa, ingawa kila mtoto wa Jinja anajua maji yale yanakwenda kaskazini. Kosa limo katika kitangulizi cha kwanza. Muundo hauna neno. Sasa geuza: "Kila mji mkuu una watu, Kampala ina watu, kwa hiyo Kampala ni mji mkuu." Sentensi zote tatu ni za kweli, na hoja ni batili. Weka Mbale mahali pa Kampala uone.

Kuweka Mbale mahali pa Kampala tayari ni njia ya kupima, tena ya bei nafuu kuliko zote. Haihitaji kalamu. Inafaa kijiweni, au mbele ya mtu asiyetaka kusikia habari za herufi na mishale. Unashika muundo wa hoja ya mwenzako, unabadilisha maneno, unamrudishia hoja yake ikiwa na vitangulizi vya kweli na hitimisho la uongo ulio wazi. Hoja batili inaanguka hapo hapo. Ila njia hii haiwezi kuisimamisha hoja halali. Ukikosa mfano wa kuiangusha, huenda mfano haupo, na huenda umechoka tu.

Makosa mawili na ndugu zao

Kabla ya kulinganisha njia nyingine, tutazame makosa zinayotakiwa kuyanasa. Mawili yanawanasa watu kuliko mengine kwa sababu yamefanana mno na hoja nzuri.

Chukua "Teksi ikijaa, inaondoka", yaani ile gari ambayo watu wa Nairobi wanaiita matatu. Iandike P → Q. P ni sharti, Q ni tokeo. Imejaa, kwa hiyo inaondoka: halali, na kwa Kilatini inaitwa modus ponens. Haiondoki, kwa hiyo haijajaa: halali pia, modus tollens. Sasa sikiliza hizi mbili. Inaondoka, kwa hiyo imejaa. Hapo umeshika tokeo ukarudi nyuma kudai sharti. Haijajaa, kwa hiyo haiondoki. Hapo umekana sharti ukadhani tokeo limekanika nalo. Zote mbili ni batili, na aliyewahi kupanda teksi ya mwisho ya usiku kwenda Mukono anajua sababu: dereva akichoka kungoja, anaondoka na watu 9 katika gari la watu 14.

Jedwali linasema hivyo hivyo:

| P | Q | P → Q |
|---|---|---|
| K | K | K |
| K | U | U |
| U | K | K |
| U | U | K |

Mstari wa tatu ndio teksi ya usiku. Haikujaa, imeondoka, na ile kanuni "ikijaa inaondoka" haijavunjwa. Mstari huo mmoja unaangusha makosa yote mawili.

Wengi hukwama hapo hapo: vipi P iwe uongo na P → Q iwe kweli? Mimi nilieleweshwa kwa mfano wa mjomba. Mjomba amesema: "Ukifaulu mtihani wa UNEB, nitakununulia simu." Ukafeli, naye akakuhurumia akanunua simu. Je, amesema uongo? Hapana. Ukafeli, hakununua: hapo pia hajasema uongo. Ahadi yake inavunjika kwa namna moja tu, ukifaulu na simu usiione.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alieleza jaribio la kadi 4, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kukiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili kuna namba shufwa. Mezani unaona irabu, konsonanti, namba shufwa na namba witiri. Ugeuze zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa? Jibu ni irabu na witiri. Wengi huchagua irabu na shufwa, au irabu peke yake. Namba shufwa haiwezi kuivunja kanuni hata nyuma yake kukiwa na nini. Witiri inaweza, lakini hiyo inataka modus tollens, na modus tollens haitujii kwa urahisi.

Kabla ya herufi kuna "tu"

Hakuna njia itakayokuokoa ikiwa sentensi umeitafsiri vibaya kwenda kwenye alama, na kwa Kiswahili mtego mkubwa ni neno lenye herufi mbili. Mlinzi wa lango anasema: "Ukiwa na kitambulisho tu, utaingia." Maana yake kitambulisho kinatosha. P ikiwa "una kitambulisho" na Q "utaingia", hiyo ni P → Q. Mwenzake anasema: "Utaingia tu ikiwa una kitambulisho." Huyu hajakuahidi kuingia. Amesema bila kitambulisho huingii: Q → P. Mshale umegeuka. Na ukisikia "Utaingia ukiwa na kitambulisho tu", muulize ana maana gani, maana yasomeka kote kuwili. "Huingii ila uwe na kitambulisho" nayo ni Q → P.

"Au" ina mtego wake. Katika mantiki ya alama, P ∨ Q inaruhusu zote mbili ziwe kweli. "Ana malaria au homa ya matumbo, vipimo vimeonyesha malaria, kwa hiyo hana homa ya matumbo" ni hoja batili, na mgonjwa anaweza kuilipia kwa afya yake. Iliyo halali ni ya kukana upande mmoja: si malaria, kwa hiyo ni homa ya matumbo. Wastoa wa Ugiriki walimsimulia mbwa wa Chrysippus, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Mbwa anafukuza mnyama, anafika njia panda yenye njia tatu, ananusa ya kwanza, ananusa ya pili, kisha anatimka kwenye ya tatu bila kuinusa. Sijui mbwa alifikiri nini, lakini hoja yake ni halali.

Jedwali: polepole, lakini halidanganyi

Jedwali tunalolitumia lilisambaa kutokana na kazi za Ludwig Wittgenstein na Emil Post, zote za mwaka 1921. Nguvu yake ni kwamba linapitia kila hali inayowezekana, halibakishi kitu. Usipopata mstari wenye vitangulizi vyote K na hitimisho U, hoja ni halali, na hakuna wa kukupinga. Ukiupata, umeshika mfano pinzani mkononi. Njia moja, majibu yote mawili.

Bei yake ni mistari. Herufi 2 mistari 4, herufi 3 mistari 8, herufi 4 mistari 16, na herufi 10 mistari 1,024. Kila herufi mpya inazidisha kazi mara mbili. Kwa hiyo: herufi 2 au 3, chora jedwali bila kujiuliza. Kwa 4, fikiri kwanza. Kwa 5 kuendelea mwachie kompyuta.

Mkato: anzia mwisho

Hii ndiyo ninayoipenda, na nitaipendelea bila kuficha. Hutafuti mistari yote. Unatafuta mstari mmoja mbaya. Unadhania hitimisho ni uongo na vitangulizi vyote ni kweli, kisha unafuata unakosukumwa. Ukigonga mkinzano, mstari mbaya haupo na hoja ni halali. Usipogonga, mstari ndio huo.

Tunakwenda Jinja. "Tutapita Mukono au Kayunga. Tukipita Mukono, tutakwama kwenye foleni. Tukipita Kayunga, tutachoma mafuta mengi. Kwa hiyo tutakwama au tutachoma mafuta mengi." Kwa alama: P ∨ Q, P → R, Q → S, kwa hiyo R ∨ S. Jedwali lake ni mistari 16. Kwa mkato: dhania R ∨ S ni uongo. Basi R ni uongo na S ni uongo. R ikiwa uongo na P → R ni kweli, P lazima iwe uongo. Kwa S vivyo hivyo, Q ni uongo. Lakini tumesema P ∨ Q ni kweli. Mkinzano. Hoja ni halali, tumemaliza hata chai haijapoa.

Udhaifu wake unaonekana pale hitimisho linapoweza kuwa uongo kwa namna nyingi. R ∨ S inaanguka kwa namna moja tu, ndiyo maana ilikuwa laini. R ∧ S, yaani "R na S", inaanguka kwa namna 3, na itabidi uzijaribu zote. Wanafunzi hujaribu moja, wanagonga mkinzano, wanaandika "halali" na kupoteza alama. Hitimisho likiwa la "na", au la "ikiwa na ikiwa tu", acha mkato uende kwenye mti.

Hatua kwa hatua: kwa anayetaka kuonyesha njia

Jedwali linakuambia hoja ni halali. Halikuambii kwa nini. Hatua zinakuambia. Gerhard Gentzen, Mjerumani, alizipanga katika kazi yake ya 1934 na 1935 akitaka mfumo unaofuata jinsi wanahisabati wanavyofikiri kweli. Stanisław Jaśkowski wa Poland alikuwa amefikia jambo kama hilo hilo kwa njia yake mwaka 1934.

"Dizeli ikipanda bei, nauli inapanda. Nauli ikipanda, wanafunzi wanatembea kwa miguu. Wanafunzi hawatembei. Kwa hiyo dizeli haijapanda."

1. P → Q (kitangulizi)
2. Q → R (kitangulizi)
3. ¬R, yaani "si R" (kitangulizi)
4. ¬Q (kutoka 2 na 3, modus tollens)
5. ¬P (kutoka 1 na 4, modus tollens)

Mistari 5 badala ya 8, na asiyejua jedwali anaweza kuifuata. Ukiwa unamshawishi mtu, kwa mfano katika insha ya sheria, hii ndiyo ya kutumia. Hakuna hakimu atakayekaa asome K na U zako. Kadiri herufi zinavyoongezeka ndivyo hatua zinavyozidi kulishinda jedwali, mradi jicho lako limezoea kuona kanuni ipi iingie wapi. Na kuzoea kwenyewe hakuji kwa wiki moja.

Lakini hatua zina shimo, na ndani yake nimewaona watu makini wakizama. Dada wa Bombo aliwahi kukaa dakika 40 akitafuta hatua za hoja hii: P → Q, R → Q, kwa hiyo P → R. Inafanana na mnyororo wa dizeli na nauli, sivyo? Alijaribu kila kanuni, akafuta, akaanza upya. Mwisho akasema kwa hasira: "Nimeshindwa, basi ni batili." Jibu lilikuwa sahihi, ila sababu aliyoitoa haikuwa sababu. Isikilize vizuri: "Nikipata hatua, hoja ni halali. Sijapata hatua. Kwa hiyo hoja si halali." Amekana sharti! Kosa lile lile la teksi ya usiku, na safari hii limempata mtu aliyekuwa katikati ya kupima makosa. Tulicheka, naye akacheka, kisha tukaiweka kwenye mkato. P → R iwe uongo: P ni kweli, R ni uongo. P kweli inaifanya Q kuwa kweli. R → Q ni kweli maana R ni uongo. Hakuna mkinzano, mstari mbaya umepatikana, dakika moja. Kwa maneno ya mtaani: muuza rolex ananunua mayai, mwoka keki ananunua mayai, kwa hiyo muuza rolex ni mwoka keki. Anayekunja chapati na mayai pale kona atakushangaa.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia wachague kwa hisia yao ya kwanza juu ya hoja. Ukiishuku, tafuta mstari mbaya: mkato au mti. Ukiiamini na unataka kumwonyesha mtu, andika hatua. Zikigoma kwa dakika 5, usisukume ukuta, rudi kwenye mkato.

Mti: mkato wenye matawi

Mti wa ukweli ulitokana na kazi ya Mholanzi Evert Beth, 1955, kisha Raymond Smullyan akaurahisisha katika kitabu chake cha 1968. Unaandika vitangulizi na kinyume cha hitimisho, kisha unavunja kila sentensi. "Na" inashuka chini moja kwa moja. "Au" inagawa tawi mara mbili. P → Q inagawa: upande mmoja ¬P, mwingine Q. Tawi lenye herufi na kinyume chake linafungwa kwa alama ya msalaba. Matawi yote yakifungwa, hoja ni halali. Moja likibaki wazi, lisome kutoka chini hadi juu: hapo kuna mfano pinzani.

Hoja ya dizeli kwa mti: chini ya vitangulizi weka P, kwa kuwa hitimisho lilikuwa ¬P. Vunja P → Q: tawi la ¬P linafungwa na P, linabaki la Q. Vunja Q → R: tawi la ¬Q linafungwa na Q, la R linafungwa na ¬R. Kwisha. Siri ya kupunguza kazi ni kuvunja kwanza yasiyogawa matawi. Anayeanza na "au" zote hujikuta na kichaka.

Mti unafanya yote mawili ambayo jedwali linafanya, kwa karatasi ndogo zaidi mara nyingi, na hautegemei ubunifu kama hatua. Ubaya wake ni kwamba haumshawishi mtu wa kawaida. Unafanana na mchoro wa fundi bomba.

Ukifika kwenye "kila" na "baadhi"

Hapa jedwali linaaga. "Kila" inaweza kugusa vitu visivyo na idadi, na hakuna mistari ya kuvitosha. Hoja fupi za aina ya Aristotle, zenye makundi matatu, zinapimwa vizuri kwa duara za John Venn za mwaka 1880: unatia kivuli palipo patupu, unaweka alama ya x penye kitu. Zaidi ya makundi matatu duara zinavurugika. Angalia jambo moja tu: katika mantiki ya leo, "Kila twiga wa msitu wa Mabira ana shingo ndefu" ni kweli kwa sababu twiga huko hawapo, na huwezi kutoa humo kwamba kuna twiga Mabira. Aristotle angekuruhusu. Muulize mwalimu wako anafuata upande gani kabla ya mtihani.

Kwa hoja kubwa za "kila" na "baadhi" zimebaki hatua na mti, na mti nao una mpaka. Mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba hakuna utaratibu wa kimashine unaoweza kuamua kila hoja ya aina hiyo. Mti wa hoja halali utafungwa siku moja. Wa hoja batili waweza kuota matawi bila kikomo, nawe umekaa hapo unangoja.

Jumapili iliyopita nilimpa kijana mmoja wa Goma hoja hii achague njia mwenyewe: "Mlinzi akiwa macho, lango limefungwa. Lango limefungwa au mbwa anabweka. Mbwa habweki. Kwa hiyo mlinzi yuko macho." Herufi 3, kwa hiyo alivuta rula aanze mistari 8. Kisha akaitazama tena, akaweka rula chini, akaandika kwa penseli: mlinzi yuko macho, U.